Mwaka Aliojifunza Baba Kumwita Elgi

Kuna sauti iliyokuwa ikitoka bafuni kwetu, Hagsätra, mwaka wa sabini na nne, ambayo hata leo nikiisikia kwenye runinga nanyanyuka natoka chumbani. Ilianzia chini kabisa, mfano wa mlango wenye kutu unaofunguliwa pole pole, ikapanda, ikajaa, halafu ikakatikia puani. Baba alikuwa amejifungia humo na mkebe mtupu wa kahawa. Alikuwa ametoboa tundu kitakoni mwa mkebe, akapitisha kamba ya kiatu, akailowesha maji, na sasa anaivuta taratibu kwa vidole viwili, mkebe unalia. Mama yuko jikoni anasonya. "Mtu mzima na ndevu zake, anajifungia chooni kulia kama ng'ombe!" Jirani wa chini, bibi mmoja wa Kiswidi aliyeishi na paka, aligonga bomba la joto kwa kijiko, nko nko nko, na Baba hakumjali. Alitoka jasho linamtiririka, akaniuliza, "Zuhura, hii ya mwisho umeionaje? Si imekaa?" Nilikuwa na miaka kumi. Elgi mwenyewe nilikuwa nimemwona kwenye kibao cha barabarani tu, mweusi ndani ya pembetatu ya njano. Nikamwambia imekaa, imekaa sana. Wewe ungemwambia nini baba yako?

Kiswahili hakikumpa mnyama huyo jina, na hakikuwa na sababu ya kumpa. Waswidi humwita älg, sisi nyumbani tukamwita elgi, na mambo yakaenda. Ni mrefu kuliko farasi, miguu myembamba, pua imening'inia kama soksi iliyolowa, na dume ana pembe pana, mithili ya viganja viwili vilivyokunjuliwa. Baba alikuwa mzaliwa wa Tabora, na kwa kuwa huko kwao kuna pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, alimchukulia elgi kuwa ni pofu aliyepotea akaishia kwenye baridi. Alikuja Stockholm kusomea ufundi wa simu, mafunzo yakaisha, kiwanda kikambakiza, na mwaka wa sabini na moja akatuleta mimi na Mama. Kutoka Tanga mpaka kituo cha mwisho cha treni ya Hagsätra, majengo marefu pande zote na msitu ukianza pale lami inapoishia. Mama alipoutazama ule msitu kwa mara ya kwanza alisema, "Miti yote hii na hakuna hata mmoja wa kuzaa tunda." Hakuwahi kuupenda, na mimi nilimwelewa.

Sasa, habari ya elgi ilikuwa habari ya nyama, na habari ya nyama ilikuwa habari ya Mama. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa madrasa, na bintiye hakula nyama asiyojua imechinjwa na nani na kwa jina la nani. Siku zile hapakuwa na bucha hata moja mjini iliyochinja kwa namna yetu. Sheria ya nchi ilikataza kumchinja mnyama kabla hajapotezwa fahamu. Waislamu wachache tuliofahamiana nao kila mmoja alikuwa na fatwa yake mfukoni. Wengine walisema hawa ni watu wa Kitabu, nyama yao halali, wakala wakashiba. Mama hakubishana nao. "Siwakatazi," alisema, "ila mimi siili." Basi tukaishi kwa samaki, mayai na dengu. Baba yeye alikula soseji kwenye kantini ya kiwandani, akisukutua mdomo mara nne kabla ya kufungua mlango wa nyumbani, na sisi wote tulijua. Mara moja alithubutu kununua kuku wawili hai kwa mkulima, akawachinjia bafuni. Msimamizi wa jengo akaona manyoya kwenye mfereji, akaja kuuliza kwa adabu ile ya Kiswidi inayotisha kuliko matusi. Mama akaapa kuku wa namna hiyo hawaingii tena nyumbani kwake.

Mwaka ule Mama alikuwa mja mzito. Baada yangu mimi alikuwa amepoteza mimba mbili, moja Tanga na moja hapahapa, na ya tatu hii ilimkuta hana nguvu. Midomo ilikuwa imempauka, akipanda ngazi anashika ukuta, na mara mbili nilirudi kutoka shule nikamkuta amekaa sakafuni jikoni, anangoja kizunguzungu kipite. Muuguzi wa kliniki alipima damu, akakunja uso. Vidonge vya madini ya chuma vilikuwa vikimtapisha Mama kabla havijafika tumboni. Muuguzi akafikiri, akapata wazo la kwao, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani: ale mkate wa damu, ule mweusi unaouzwa kila duka, uliokaangwa kwa siagi, wajawazito wote wa Uswidi wanaula. Nikamtazama Mama, nikatafsiri. "Damu?" akauliza. "Damu ya nini?" Nikajibu kwa sauti ndogo, ya nguruwe. Mama alicheka, tena kicheko cha kweli, mpaka muuguzi naye akacheka akidhani amefurahi. Kisha tukarudi nyumbani. Jirani yetu Mama Wanjiru, Mkenya aliyeolewa na fundi bomba wa Kiswidi, alipopata habari alikuja amejishika kiuno. "Wewe Mama Zuhura, wacha hiyo stori. Kula tu nyama, Mungu anaona vile uko. Mtoto akienda utamwambia nini?" Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Damu isipopanda, mtoto huenda asikae, kama wale wawili wasivyokaa. Hata mimi mwenye miaka kumi nililijua, na nililala nalo.

Baba alikuwa mtu wa kupata jawabu halafu kulikimbilia bila kuangalia nyuma. Alikumbuka somo la chuo cha Kurani utotoni, kwamba mnyama wa porini akipigwa na mtu anayetaja jina la Mungu, ni halali kwa kuliwa, na ukimkuta bado anapumua unamalizia kwa kisu. Na msitu umejaa elgi! Sheria ya Waswidi inaruhusu kuwinda, sheria ya Mungu inaruhusu kuwinda, sasa tatizo liko wapi? Kiwandani alikuwa na mwenzake, Bwana Gösta, mgane mmoja mzito wa maneno, ambaye ukimwuliza habari za asubuhi anatazama kwanza nje ya dirisha. Huyu alikuwa na haki ya kuwinda katika msitu wa ndugu zake kusini ya mji, na akakubali kumchukua Baba, kumpatia vibali, kumfundisha kulenga karatasi kwenye machimbo ya kokoto. Tatizo likabaki moja. Waswidi huwinda elgi kwa mbwa. Mbwa anamfuata, anambwekea, anamzuia mpaka mwenye bunduki afike, na mara nyingi mbwa ndiye wa kwanza kuutia mdomo mzoga. Mama aliposikia hivyo alisema neno moja tu, "Mate." Kwa hiyo hapakubaki njia ila kumwita mnyama aje mwenyewe.

Hapo ndipo Baba alipovimba kichwa. Kuita wanyama? Yeye? Mjomba wake huko Tabora alikuwa akimwita paa kwa jani la mti tu. Unalibana midomoni, unapuliza, linatoa kilio cha mtoto wa paa aliyeshikwa, na mama yake anatoka kichakani mbio. Januari, Juni, masika, kiangazi, wakati wowote, kwa sababu mama ni mama mwaka mzima. Baba alikuwa amekulia katika elimu hiyo, na akaamini kwamba kuita ni kazi ya midomo na mapafu. Hakufikiri kwamba kuna mnyama asiyeitika kilio cha mtoto, anayeitika mwito wa jike peke yake, na huo nao kwa siku chache tu za mwaka. Waswahili husema mzoea punda hapandi farasi. Baba alimpanda farasi akamwongoza kama punda.

Bwana Gösta alijaribu kumweleza. Namkumbuka amekaa jikoni kwetu, mwanzoni mwa Ramadhani, anakunywa kahawa peke yake huku Baba aliyefunga akiitazama ile kahawa. Alieleza polepole, mkono juu ya meza. Mwisho wa Agosti, alisema, dume anasugua pembe kwenye miti kuivua ile ngozi laini inayozifunika, na ukikwaruza mti wakati huo atakuja akidhani ni dume mwenzake, waje wapimane ubavu. Katikati ya Septemba anaanza kuzurura, masikio wazi, na hapo mlio wa jike humvuta. Septemba ikiisha, aliyepata jike habanduki kwake, hata uite mpaka koo likauke. Asiyepata ndiye anayekuja, tena mbio, akili hana. Na kipindi chote hicho sheria ya huku kwetu imefunga msitu. Unafunguliwa Oktoba, majike wameshapata mimba, dume amechoka, amekonda, amejilaza kichakani na hataki kusikia la mtu. "Yaani wanafungua mlango karamu ikishakwisha?" Baba akauliza. Bwana Gösta akatazama nje ya dirisha, akasema ndiyo, ndiyo maana watu wana mbwa.

Aliongeza mambo mawili, na nayakumbuka kwa sababu Baba alinifanya nimtafsirie Mama. La kwanza, ukimwona dume mwenye wazimu wa jike bado mwezi wa Oktoba, mwache apite zake. Huyo hali majani siku nyingi. Anachimba shimo, analikojolea, anajigaragaza humo, na nyama yake inanuka mkojo hata uichemshe mara ngapi. La pili, wapo majike wachache ambao hawakushika mimba, nao hurudiwa na hamu kama mwezi hivi baadaye. Wakati huo dume ameshakula, ameshatulia, na ukimwita kwa upole anakuja kimya kimya. Huyo ndiye wa kula. Mama alisikiliza akiwa amejilaza kwenye kochi, akamwuliza Baba, "Huo mwezi wa pili ni lini?" Baba akasema Idi ikishapita. "Idi itapita, na mimi je?" Baba akamshika mguu. "Hatungoji mwezi wa pili, Mama Zuhura. Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mama akajibu, "Na haraka haraka haina baraka." Methali zetu ndizo hizo, zinatembea mbili mbili, na kila mtu anachukua ile inayokwenda anakotaka.

Tangu hapo kila Jumamosi na Jumapili Baba hakuwa nyumbani. Alikuwa msituni na Bwana Gösta, bila bunduki, anajifunza kusikiliza. Alirudi magharibi, viatu vimejaa matope, anafungua kinywa kwa tende huku anasimulia: wamesikia dume akikoroma ng'ambo ya bwawa, wamekuta shimo, uvundo wake si wa kawaida. Alishangazwa sana kwamba dume naye hali katika mwezi uleule. "Naye amefunga!" alisema. Mama akamwambia asimfananishe mnyama anayejikojolea na waja wa Mungu. Yeye Mama alikatazwa kufunga, na hilo lilimuuma. Kutwa nzima tulikuwa sisi wawili ndani ya fleti, mvua ikipiga dirisha, saa kumi na moja tayari kunatanda giza la kijivu. Mimi nikimsomea kitabu changu cha shule kwa Kiswidi asichokielewa, yeye akinisuka nywele, mikono yake baridi kichwani mwangu. Mara kwa mara alisimamisha mikono kusikiliza, akidhani ni Baba anapanda na lifti. Haikuwa yeye. Nyumba ile ilikuwa na upweke mpaka ungeweza kuugusa, na bado naona uchungu nikiukumbuka.

Msitu ulipofunguliwa, Idi ilikuwa imebaki siku chache mno. Jioni ya kuamkia siku hiyo Mama aliniita, akanishika mabega. Alimjua mumewe. Alijua kwamba mtu huyu akipata msisimko husahau hata viatu. "Nenda naye," aliniambia. "Kazi yako ni moja, kusikiliza. Aseme Bismillahi kwa sauti, uisikie kwa masikio yako. Akiisema moyoni, mimi sitajua, na nisichokijua siili." Baba akanung'unika, sheria haidai hivyo, kutaja kwa siri kunatosha. Mama akarudia, kwa sauti. Mama Wanjiru akasema angekuja kushinda naye. Basi alfajiri tukaondoka, mimi nimevishwa sweta tatu, nikijiona hakimu.

Tulikaa ukingoni mwa bwawa la matope, chini ya misonobari, mahali ambapo mbwa wa wenzake Bwana Gösta hawangefika mpaka mchana. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani, kila kitu cheupe na kimya, na mdomo wangu ulikuwa unatoa moshi. Baba akavuta ile kamba. Sitasema uongo, nje ya bafu sauti ile ilikuwa na huzuni ya kweli. Ilikwenda juu ya bwawa, ikagonga msitu wa pili, ikarudi. Tukangoja. Akavuta tena. Bwana Gösta alikuwa amekwisha kutoa chupa yake ya chai, uso wake unasema haya ndiyo aliyoyatarajia, mara ng'ambo kukasikika mkoromo, halafu matawi yakivunjika. Akatokea. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyoweza kufikiri, kiuno kimezama kwa njaa, shingo nyeusi kwa tope, anakuja moja kwa moja, na upepo ukatuletea harufu yake. Nilibana pua. Bwana Gösta akamshika Baba mkono na kumnong'oneza kwa Kiswidi, "Huyu hapana. Mwache. Ananuka mpaka huku." Baba akauchomoa mkono wake. Alinitazama mimi, akamtazama mnyama, akainua bunduki, na akapiga kelele kwa nguvu zake zote, "Bismillahi Allahu Akbar!"

Mnyama yeyote mwenye akili timamu angekimbia. Bwana Gösta aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake yote ya uwindaji hajaona jambo kama lile, mtu anapaza sauti hatua chache kutoka kwa elgi na elgi anasimama kumtazama. Alisimama kwa sababu wazimu wa jike ulikuwa haujamtoka. Hiyo ndiyo dhihaka ya jambo lenyewe: ile sauti aliyoitaka Mama, hakuna dume wa kuivumilia ila yule ambaye nyama yake hailiki. Baba akafyatua. Bwana Gösta akavua kofia, akasema kwa huzuni, "Haya." Na Baba alikuwa analia kwa furaha, ananikumbatia, "Umesikia, Zuhura? Umesikia?" Nilisikia, Baba. Paka wa Hagsätra nao walisikia.

Siku ya Idi fleti yetu ilinuka kama choo cha stendi. Mama aliichemsha ile nyama kwa siki, akamwaga maji, akachemsha tena kwa tangawizi, akaweka kitunguu saumu kwa mkono wa chuki, bizari, mdalasini, kila kilichotoka Tanga kilimalizikia mle. Harufu ilikaa chini ya viungo ikitungoja. Mama Wanjiru alionja kipande, akakumbuka ghafla kuna kitu amekiacha jikoni kwake. Mama alikaa mezani amevaa kanga mpya, akaniuliza mbele ya Baba kama nilisikia. Nikasema nilisikia. Akachukua kipande cha ini, akatafuna. Akachukua cha pili. Baba alikuwa anamtazama kila akimeza, koo lake likimeza pamoja naye. "Tamu," Mama akasema. Alifika kipande cha nne, kisha akanyanyuka kwa haraka, na tukamsikia bafuni kwa muda mrefu sana. Baba alibaki pale mezani, mikono mapajani. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kula hata mkate wangu wa kumimina.

Ungedhani mtu angekoma. Asiyekubali kushindwa si mshindani, aliniambia, na kesho yake alirudi kwa Bwana Gösta kuuliza habari za ule mwezi wa pili. Alikuwa ameona kosa lake. Liko kwenye kalenda, na kalenda inarekebishika. Alijifunza upya kuita, safari hii kwa sauti ndogo, ya kubembeleza, wala bibi wa chini hakugonga tena bomba. Mama mwenyewe alimwondolea sharti lake. "Sema moyoni, mradi useme," alimwambia, na sauti yake ilikuwa imechoka. Kisha akaongeza, "Au ukae tu Jumapili moja." Nilikuwepo, nilisikia. Baba akambusu kichwani, akasema hii ndiyo ya mwisho, akirudi na nyama safi atakaa mpaka achokwe. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka siku ile, nyembamba na chafu tayari kwenye maegesho ya magari.

Safari hii sikwenda, kwani hapakuwa na cha kushuhudia. Mchana nilikuwa chumbani nachora. Nikamsikia Mama akiita bafuni, "Baba Zuhura." Aliita kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba taulo. Akaita tena, "Baba Zuhura! Baba Zuhura, njoo!" Alijua hayupo. Alijua nipo mimi, na bado aliita jina lake, akalirudia, mpaka nikafungua mlango. Sitaeleza nilichokiona sakafuni. Nilikimbia kwa Mama Wanjiru na soksi tu, naye akaja anapiga kelele kwa Kikikuyu, Kiswahili na Kiswidi kwa pamoja, akapiga simu, wakaja watu wenye machela. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakupumua.

Baba alirudi magharibi. Nilikuwa nimekaa ngazini na Mama Wanjiru nilipomsikia anaimba ndani ya lifti. Alikuwa amebeba begi la mgongoni, na kabla hajaona nyuso zetu alianza kusema: alikuja kimya, Zuhura, kimya kabisa, jike lilikuwa linalia kweli ng'ambo nami nikaitikia pamoja nalo, nyama haina harufu hata chembe, nusa. Alilifungua begi kunionyesha. Ilikuwa kweli. Ilikuwa nyekundu, safi, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Mama Wanjiru akasema, "Baba Zuhura, weka hiyo kitu chini." Akaiweka.

Nyama ile ililiwa na watu wa matanga. Walikuja Watanzania na Wakenya wa mji mzima, hata Wakongo wawili tusiowajua, wakakaa sebuleni kwetu juu ya mikeka na magazeti, Mama Wanjiru akapika. Walisifu. Walisema haijapata kuliwa nyama laini namna ile tangu watoke nyumbani, wakauliza imetoka bucha gani. Baba alijibu kila aliyeuliza, kwa adabu, mpaka ikaisha. Mama alikuwa amelala chumbani, na sahani aliyopelekewa ilirudi kama ilivyokwenda. Daktari alisema haikuwa damu peke yake, kulikuwa na jambo jingine kwenye kizazi, na pengine lingetokea hata angekula ng'ombe mzima. Baba hakulisikia hilo mpaka anakufa. Alikwenda kaburini miaka kumi na zaidi iliyopita akiamini kwamba alikosea msimu kwa majuma machache, na kwamba angemwita yule wa pili kwanza, ningekuwa na ndugu.

Nami niliamini hivyo karibu maisha yangu yote. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, walikuwa wakisema, na mimi niliona methali hiyo imetungwa juu yetu. Leo Mama anakaa Fittja, fleti ya chini, msikiti unauona dirishani. Bucha ziko pale kituoni, na Mturuki mmoja humchagulia ini kwa mkono wake na kumwita mama. Mbuzi, kondoo, kuku, Januari mpaka Desemba, hakuna msimu, hakuna wa kumwita. Unanyoosha kidole unafungiwa. Wajukuu wangu wanamjibu Mama kwa Kiswidi na wanakula wakitazama simu. Wakati mwingine hasira inanishika pale kwenye foleni. Nawaza, yote haya yangekuja mapema kidogo tu, miaka ishirini, kumi na tano.

Msimu huu wa baridi nilimpelekea nyama Ijumaa moja, kama kawaida yangu, natoka kazini, nina miadi mingine mbele. Nikaiweka kwenye friji nikiwa bado na koti langu. Sijui nilishikwa na nini. Nikamwambia, Mama, laiti bucha hizi zingekuwepo wakati ule. Alikuwa anakatakata bamia. Hakuinua uso. "Zingenisaidia nini?" akauliza. Nikasema nyama, Mama, ungepata nyama. Akaendelea kukata. "Mimi nilisema siili," akasema. "Basi. Sikusema nitafutiwe. Nilijua watoto wangu hawakai, nilikuwa najua tangu yule wa Tanga. Nilitaka siku itakapofika awepo mtu ndani ya nyumba." Akafuta kisu kwa kitambaa. "Hata wewe huwa unaleta nyama, unakwenda."

Nikavua koti.